AFYA YA NYUMBANI: Mgonjwa Mmoja na Waganga Wawili



Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya ugonjwa wa sukari, ambao wengi huuita kisukari. Hatutaki kueleza habari zake zote, maana ni nyingi kuliko nafasi yetu. Twataka kunena juu ya jambo moja linaloonekana kuwa dogo, nalo huwaangusha wagonjwa wengi: yaani njia iliyo kati ya kliniki ya hospitali na zahanati ya kijijini. Mgonjwa hutibiwa huku, na hutibiwa huko. Lakini mara nyingi huku hawajui ya huko, wala huko hawajui ya huku. Katikati ya nyumba hizo mbili yuko mgonjwa peke yake, na mfuko wake wa dawa mkononi.

Kwanza tukumbushane ugonjwa wenyewe. Chakula tulacho hugeuka kuwa sukari, na damu huichukua sukari hii mpaka kila kiungo cha mwili. Lakini sukari haiwezi kuingia katika nyama za mwili ipasavyo pasipo msaidizi, naye ni insulini, itokayo katika kongosho. Wako watu, hasa watoto na vijana, ambao kongosho lao huacha kutoa insulini. Hawa hawawezi kuishi bila kuchomwa sindano kila siku. Wako wengine, nao ndio wengi zaidi, hasa watu wazima, ambao insulini wanayo lakini haifanyi kazi yake vema, ama haitoshi. Hawa huanza kwa kuangalia chakula na kwa kumeza vidonge, na baadaye huenda wakahitaji sindano pia.

Zamani mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu hakuwa na tumaini. Mwezi wa Januari 1922, katika mji wa Toronto huko Kanada, kijana mmoja wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alichomwa insulini, naye ndiye mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Alikuwa amekonda sana, karibu na kufa. Akaishi mpaka mwaka 1935. Tangu siku hizo ugonjwa wa sukari umekuwa ugonjwa wa kuishi nao. Hauponi, walakini waweza kufungwa lijamu kama punda. Na punda mwenye lijamu yampasa awe na mtu wa kuishika kila siku, wala si mara moja kwa mwezi.

Wengine husema, "Huo ni ugonjwa wa watu wa mjini." Neno hilo lilikuwa na ukweli wake hapo kwanza. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Dar es Salaam na wenzake walitangaza habari za uchunguzi walioufanya katika vijiji vya Tanzania, wakaona kwamba wenye ugonjwa huu hawakufika hata 1 katika watu 100. Lakini mwaka 2012, walipopimwa watu wa nchi nzima wenye miaka 25 hadi 64, walionekana yapata 9 katika kila 100. Namna za kupima hazikuwa sawa, kwa hiyo haifai kuzilinganisha hesabu hizi kama mizani ya dukani. Hata hivyo kila mtu aona jambo linakoelekea. Siku hizi hakuna kijiji kikubwa kisicho na mgonjwa wa sukari, ajijue au asijijue.

JUU YA NYUMBA MBILI ZA UGANGA

Huko Uingereza kila mtu huandikwa kwa daktari wa jirani yake, ambaye ajua habari zake kwa miaka mingi. Akienda hospitali, waganga wa hospitali humwandikia daktari yule barua, kumwambia waliyoyaona na dawa waliyoitoa. Kwa njia hiyo yuko mtu mmoja mwenye kushika habari zote za mgonjwa.

Kwetu daktari wa namna hiyo hayuko kwa watu wengi. Lakini msidhani kwamba nafasi yake ni tupu. Nafasi hiyo imeshikwa na zahanati ya kijiji, pamoja na Mganga Mfawidhi wake na wauguzi wake. Wao ndio walio karibu. Wao ndio wamjuao mgonjwa kwa jina, na jina la mjomba wake, na shamba lake lilipo. Juu ya zahanati kiko kituo cha afya, na juu ya kituo iko hospitali.

Hospitali twazijua. Iko Mkomaindo pale Masasi, iko hospitali ya Newala, na iko ile ya Ndanda chini ya uwanda wetu, mahali ambapo Wabenediktini walianza misioni yao mwaka 1906. Wazee wanakumbuka pia habari za Lulindi, alikofanya kazi Dakta Leader Stirling, aliyekuja nchi hii mwaka 1935, na ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania toka mwaka 1975 hadi 1980. Tangu zamani hizo kazi ya uganga katika nchi yetu ilikuwa na miguu miwili: hospitali kubwa mahali pamoja, na nyumba ndogo za dawa huko vijijini. Mtu hatembei kwa mguu mmoja.

Kila mguu una kazi yake. Hospitali yaweza kupima mambo ambayo zahanati haiwezi: kuchungua figo, kutazama macho kwa ndani, na kile kipimo cha damu kionyeshacho sukari imekwendaje kwa muda wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Hospitali ndiyo iamuayo kuanza insulini, na kubadili dawa zinaposhindwa. Lakini hospitali humwona mgonjwa siku moja tu, kisha mgonjwa huondoka, akakaa majuma mengi mbali nayo. Katika majuma hayo ndimo sukari hupanda na kushuka, ndimo mwiba humchoma mguu, ndimo dawa huisha. Na katika majuma hayo aliye karibu ni mganga wa zahanati. Yeye aweza kupima sukari akiwa na kipimo, aweza kupima shinikizo la damu, aweza kutazama miguu, aweza kuona kwamba mtu amekonda.

Basi nyumba zote mbili ni njema. Hatari yetu iko katika njia iliyo kati yake.

MFANO WA BIBI NA DAWA YAKE

Tutoe mfano. Mfano huu tumeutunga wenyewe, lakini mambo yake yaweza kutokea katika nyumba yo yote.

Bibi mmoja wa uwandani alipimwa katika zahanati, akaonekana ana sukari nyingi. Akapewa vidonge katika bahasha ndogo iliyoandikwa "glibenklamaidi", ameze 2 kila asubuhi. Tena akapewa barua ya kwenda hospitali. Alipofika hospitali, barua alikuwa ameisahau nyumbani. Daktari akamwuliza, "Je, bibi, kuna dawa unayotumia?" Akajibu, "Ziko, mwanangu, vidonge vyeupe." Na vidonge vyeupe ni vingi duniani. Daktari akamwandikia dawa aliyoiona inafaa, naye akapewa dukani pakiti iliyoandikwa Daonil, ameze 1 asubuhi na 1 jioni.

Bibi akarudi nyumbani akifurahi. Sasa ana dawa ya zahanati, na dawa ya hospitali. Akazimeza zote mbili kwa utii, kwa maana moyoni alisema, "Dawa ya hospitali itaongeza nguvu ile ya zahanati." Hakujua kwamba Daonil ni jina la dukani tu, na dawa iliyomo ndani ni glibenklamaidi ile ile. Kipimo kimekuwa mara mbili.

Ulikuwa msimu wa korosho. Bibi alishinda shambani akiokota, akala kidogo mchana, na jioni alichoka, akalala bila kula. Usiku akaanza kutoka jasho jingi, mikono ikatetemeka, akanena maneno yasiyo na maana, akamsukuma mjukuu wake. Watu wa nyumbani wakasema, "Bibi ana pepo." Wengine wakasema, "Amekunywa uraka." Wakaanza kushauriana ni nani aitwe. Wala hapakuwa na pepo, wala uraka; sukari ya damu ilikuwa imeshuka mno, na ubongo ulikuwa ukikosa chakula chake. Mtu aweza kufa katika hali hiyo, na dawa yake ya kwanza iko jikoni katika kopo la sukari.

Tazameni: katika mfano huu ni nani aliyekosa? Mganga wa zahanati alitoa dawa aliyoiona inafaa. Daktari wa hospitali alitoa dawa aliyoiona inafaa. Bibi alitii wote wawili. Kila mmoja alifanya kazi yake, na katikati yao mtu amekaribia kufa. Wazee walisema, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini mgonjwa wa sukari hana budi kuwa na manahodha wawili. Hawezi kumwacha hata mmoja. Basi dawa ya neno hili ni manahodha wote wawili wasome daftari moja.

DAFTARI MOJA

Jambo hili si geni kwetu. Mama mwenye mimba ana kadi yake ya kliniki. Akienda zahanati huichukua. Akipelekwa hospitali huichukua. Na ye yote amwonaye huandika humo. Hata usiku wa manane, uchungu ukianza, kitu cha kwanza kutafutwa ni kadi. Kadhalika mtoto mchanga ana kadi yake ya uzito na chanjo. Basi kwa nini mgonjwa wa sukari, ambaye safari yake ni ya maisha yote, aende mikono mitupu?

Kama hospitali imekupa kadi au daftari la kliniki ya sukari, hilo ndilo lako, litunze. Kama hukupewa, nunua daftari dogo la shule, ulifunike kwa nailoni lisilowe mvua, na uandike, au uandikiwe, mambo haya:

Kwanza, jina lako, umri wako, kijiji chako, na jina la mtu wa nyumbani ajuaye habari zako.

Pili, tangu mwaka gani una ugonjwa huu, na magonjwa mengine uliyo nayo, kama vile shinikizo la damu. Tena kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru.

Tatu, dawa zote utumiazo sasa: jina la dawa yenyewe, si jina la dukani peke yake, nguvu ya kidonge, ni vingapi, na saa ngapi. Dawa ikiachishwa, ipigwe mstari, na siku iandikwe. Dawa za miti nazo zisifichwe. Mganga hawezi kukulinda na kitu asichokijua.

Nne, kila kipimo cha sukari na tarehe yake, na kama ulikuwa umekula au hujala. Hesabu isiyo na neno hilo haina maana kubwa. Kwa wagonjwa wengi hutakiwa sukari iwe kati ya 4 na 7 kabla ya kula. Lakini wazee, na watoto, na wenye mimba, kila mmoja yampasa aambiwe kipimo chake na daktari wake.

Tano, shinikizo la damu, uzito, hali ya miguu. Na siku yalipotazamwa macho na figo. Miguu itazamwe kila uendapo kliniki. Macho na figo angalau mara moja kila mwaka.

Sita, siku ya kurudi hospitali, na mambo ambayo hospitali imemwomba mganga wa zahanati ayaangalie.

Neno hili la sita ndilo lisahauliwalo kuliko yote. Mgonjwa akiwa bado amekaa mbele ya daktari wa hospitali, na aulize kwa adabu: "Dakta, je, dawa nilizokuwa nazo niziendeleze au niziache? Nikifika nyumbani, mganga wa zahanati anipime lini? Sukari ikifika kiasi gani anirudishe kwako? Dawa ikiisha kabla ya siku yangu, nifanyeje? Tafadhali uniandikie humu." Hakuna daktari mwema atakayekasirika kwa maswali hayo. Na ukirudi kijijini, usilale majuma mawili kabla ya kwenda zahanati. Nenda, fungua daftari mezani, toa na dawa zako zote mfukoni, na bahasha zake, hata zile kuukuu. Mganga azitazame moja moja mbele yako. Kama bibi yule angalifanya hivyo, ile bahasha ya kwanza ingaliondolewa mara.

NI LINI ZAHANATI, NA NI LINI HOSPITALI

Wengine hukimbilia hospitali kwa kila jambo, wakamaliza nauli. Wengine hungoja kijijini hata jambo limeharibika. Shikeni kanuni hizi.

Kupima sukari kwa siku za kawaida, kupima shinikizo la damu, kupokea vidonge vile vile ulivyozoea kama vipo, kuuliza shauri la chakula, kufunga kidonda kidogo kilicho safi: haya ni ya zahanati.

Lakini haya ni ya kupelekwa mbele upesi. Mgonjwa anayetapika, tumbo lamwuma, anapumua kwa nguvu na kwa haraka, na pumzi yake ina harufu kama ya matunda: huyu asingoje hata asubuhi. Kidonda cha mguu kilichovimba, chenye usaha au harufu, au cheusi, hata kama hakiumi. Nasema hata kama hakiumi, kwa maana sukari ya miaka mingi huua hisia za miguu, na mtu aweza kutembea na msumari ndani ya kiatu asijue. Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam amefanya kazi kwa miaka mingi juu ya jambo hili, akiwafundisha waganga na wauguzi jinsi ya kuitazama miguu mapema, ili isikatwe. Kadhalika macho yanayofifia ghafula, miguu na uso kuvimba, na mwanamke mwenye sukari anapojua kwamba amechukua mimba: hao wote ni wa hospitali.

Na mtu ambaye sukari imeshuka, kama yule bibi? Akiwa na fahamu na aweza kumeza, mpeni mara moja vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au asali, au nusu kikombe cha soda yenye sukari. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu, mpeni tena. Akipata nafuu, na ale chakula. Lakini akiwa hana fahamu, msimtie kitu cho chote cha kunywa kinywani, asije akapaliwa. Mlazeni kwa ubavu, na mpelekeni upesi. Tena jueni neno hili: aliyeshuka sukari kwa ajili ya vidonge vya glibenklamaidi, hata akiamka na kucheka, sharti apelekwe kwa mganga, maana dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na sukari yaweza kushuka mara ya pili usiku ule ule.

MSIMU WA FEDHA NA MSIMU WA MATOPE

Twajua maisha ya kwetu. Fedha huja wakati wa korosho, kuanzia mwezi wa Oktoba. Na korosho zikiisha kuuzwa mnadani na fedha zikitumika, huja miezi mirefu ya mfuko mwembamba. Ndipo mtu wa insulini hujaribiwa kuchoma nusu ya kipimo, au kuruka siku, ili chupa isiishe. Asifanye hivyo kimya kimya. Ni afadhali mara mia aende zahanati aseme wazi, "Dawa yangu itakwisha Ijumaa, na fedha sina." Mganga mwenye kujua mapema aweza kutafuta njia, kuandikia hospitali, kuuliza juu ya msamaha wa malipo. Asiyejua hawezi kitu. Na jamaa za mgonjwa, fedha ya korosho ikiingia, na watoe kwanza sehemu ya dawa na nauli ya kliniki, waifunge mbali, kama watoavyo mbegu za mwaka ujao kabla ya kula.

Tena wakati wa mavuno watu huhamia mashambani. Daftari na dawa zihame pamoja na mgonjwa. Viatu vivaliwe, na miguu itazamwe kila jioni kwa taa. Mwenye kumeza vidonge vya sukari asishinde na njaa. Uraka na auache, kwa maana pombe huishusha sukari kwa hila, na walevi wenzake hawatatambua kama analewa au anakufa.

Wakati wa mvua njia huharibika. Kama siku yako ya kliniki yaangukia miezi hiyo, mwambie daktari mapema, akupe dawa ya kutosha, na amwandikie mganga wa zahanati akupime badala yake.

Juu ya kuhifadhi insulini pasipo jokofu: chupa ambazo hazijafunguliwa ni vema zikae katika jokofu la zahanati au kituo, kama mganga akikubali. Ile unayotumia yaweza kukaa nyumbani yapata majuma manne, mahali pa baridi kidogo, mbali na jua na moto, wala isigande. Twaa vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa. Jaza mchanga katikati, uumwagie maji asubuhi na jioni. Chupa itie katika kopo kavu ndani ya chungu kidogo, ufunike kwa kitambaa kibichi, na uweke mahali penye kivuli na upepo. Hata maji yakiwa haba, vikombe vichache vyatosha.

NENO KWA JAMAA NA WALIMU

Katika nchi yetu mgonjwa hapelekwi hospitali kwa shauri lake peke yake. Mjomba huulizwa, na wazee wa nyumba huulizwa. Desturi hiyo ina heshima yake. Lakini shauri la namna hii lifanywe mapema, mtu akiwa mzima: nani atamsindikiza, nauli itatoka wapi, nani atalala na watoto. Lisifanywe usiku wa hatari. Mjomba na alione daftari, aelezwe dalili, ili siku ile aseme, "Nendeni," pasipo kungoja.

Na ninyi walimu, wagonjwa wengi wazee hawajui kusoma. Mwalimu akiwasomea daftari lao mara moja kwa mwezi, na kuwaandikia maswali yao kwa ajili ya daktari, amefanya kazi kubwa bila gharama. Tena katika darasa, mtoto aliyekuwa mchangamfu akianza kukonda, akanywa maji daima, akaomba ruhusa ya kwenda chooni kila saa, au akarudia kukojoa kitandani, mwambie mzazi ampeleke apimwe sukari siku ile ile. Watoto wengine hutibiwa malaria, na huku sukari yawaua. Na mtoto ambaye yuajulikana ana ugonjwa huu, msimnyime kunywa wala kula kidogo wala kutoka nje. Na katika meza ya mwalimu pawepo sukari kidogo kwa ajili yake.

Wakati wa Kwaresima, mwenye kuchoma insulini au kumeza glibenklamaidi asijinyime chakula pasipo shauri la mganga wake. Na ajinyime jambo lingine. Jirani zetu Waislamu nao, mwezi wa Ramadhani, ni vema wamwulize mganga kabla ya mwezi kuandama.

Mwisho, twajua ya kuwa baadhi ya wasomaji wetu wanafanya kazi katika zahanati na hospitali zenyewe. Kwenu twasema kwa heshima: msimwachie mgonjwa mzigo wote wa kuwa mjumbe kati yenu. Yeye ni mgonjwa, pengine ni mzee, pengine hajui kusoma, na majina ya dawa ni magumu. Wa hospitali na aandike kwa mwandiko wa kusomeka, na kwa Kiswahili lile neno linalomhusu mgonjwa. Wa zahanati na asiogope kumwandikia wa hospitali, "Nimepima mara tatu, sukari haishuki, naomba shauri." Huko si kushindwa. Ninyi hamgombanii mgonjwa, wala yeye si mali ya mmoja wenu. Mistari miwili katika daftari yaweza kuokoa mguu, na pengine uhai.

Kila mwaka tarehe 14 Novemba ulimwengu huikumbuka siku ya ugonjwa wa sukari. Siku hiyo kwetu ni katikati ya korosho, watu wana kazi nyingi. Basi tusiingoje. Jioni hii, kama nyumbani mwenu yuko mwenye ugonjwa huu, mwambieni alete mfuko wake wa dawa, muutandaze juu ya mkeka, msome kila jina, na mwanzishe daftari.